Samaki wa Maharage

Richfield, Minnesota
4 Desemba 2006

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mkwe wako ni mzima, sijui wewe uliye ng'ambo ya ukuta. Nilikusikia ukikohoa asubuhi, nikasikia na redio, nikajua umeamka. Zaidi ya hapo sina habari zako, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua ni kichekesho watu wawili wa nyumba moja kuandikiana barua. Lakini mwanao Asajile amerudi Duluth kwenye kazi yake ya daraja, na mpaka Ijumaa sina wa kunibebea sahani wala salamu kwako. Kwetu Unyakyusa mke hamwoni baba wa mume wake, wala hasemi naye. Tukuyu nikisikia unapita njiani ninajitosa kwenye migomba, yamekwisha. Hapa hakuna migomba, Baba. Kuna korido moja na bafu moja. Jana ulipotoka kunywa maji nilijifungia bafuni, nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Silalamiki. Mama yangu alinifundisha heshima na sitaki niwe wa kwanza kuitupa. Ninachoogopa ni sahani. Zinarudi jikoni kama zilivyokwenda. Ndizi na nyama za Jumamosi hukuzigusa. Daktari alisema wazi mbele ya Asajile kwamba mlango mmoja wa moyo wako umechakaa, lazima ubadilishwe, lakini hathubutu kukupasua ukiwa umekonda hivi. Kwanza nyama irudi mwilini. Na huo moyo hautangoja milele.

Nakuomba uniandikie unatamani kula nini. Chochote, hata kama ni cha kutafutwa mji mzima. Karatasi ibandike kwenye friji kwa sumaku. Nitaiona nikirudi kutoka maabara.

Mkwe wako,
Tumpe


Chumba cha nyuma
6 Desemba 2006

Mkwe wangu,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako imenifikia bila kuchelewa njiani. Mimi sijambo kwa mtu wa umri wangu, na wewe nakusikia ukitembea haraka haraka, kwa hiyo nadhani hujambo pia.

Usijilaumu kwa mapishi. Harufu inapita chini ya mlango na najua mpishi ninayemsikia. Ila tangu mama yenu azikwe, kula kumekuwa kazi, na kazi mimi nilistaafu. Maisha yetu yote ya ndoa aliniwekea sahani, akakaa pembeni, akaanza habari za majirani. Nani amegombana na nani, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Nilikuwa nikimwambia anyamaze nile. Nilidhani nakula ndizi, kumbe nilikuwa nakula zile habari. Hapa sahani inakuja kimya.

Umeniuliza ninachotamani. Natamani tiketi ya kurudi Rungwe. Mwambie Asajile anikatie, nikafie karibu na kaburi la mama yenu. Umesema utatafuta chochote, basi tafuta hicho.

Baba mkwe wako


13 Desemba 2006

Baba, shikamoo. U hali gani na baridi hii? Mimi nakimbia, vioo vya gari vimeganda na kazini wananisubiri. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na tiketi sikati. Nimekuachia samaki wanne jikoni, wako chini ya kawa. Uwale wangali moto.

Mkwe wako, Tumpe


Chumba cha nyuma
13 Desemba 2006, mchana

Mkwe wangu,

Salamu. Afya yangu nitaieleza mwishoni, kwanza nieleze yaliyonipata.

Nilisubiri gari lako liondoke, nikaenda jikoni. Nikafunua kawa. Nikawaona samaki, wamenona, wana magamba, wana mikia, rangi yao nzuri ya kukaangwa. Nikasema, alhamdulillahi, kama wasemavyo jirani zetu Waislamu, huyu binti amepata samaki wa Kyela huku kwenye barafu. Mate yakanijaa mdomoni kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa, samaki bila ugali ni matusi. Nikatazama huku na huku, hayupo mtu. Mkwe wangu, mimi ni mzee wa kanisa, nimetengeneza mitambo ya kiwanda cha chai mpaka nikastaafu, lakini sijawahi kusonga ugali. Unga niliupata kabatini. Moto wa jiko lenu uliwaka wenyewe ukataka kunichoma ndevu. Nikasonga. Ukatoka na madonge, upande mmoja mbichi na upande mmoja umeungua, lakini ulisimama. Nikanawa, nikaomba, nikamega tonge, nikamshika samaki wa kwanza mgongoni.

Hana miiba. Nikasema vizuri, amewatoa miiba kwa ajili ya meno yangu. Nikatia mdomoni pamoja na tonge. Maharage! Tena maharage ya sukari! Nikamfunua wa pili nione kama na yeye amekula maharage. Wote wamekula maharage.

Kwetu hatutii sukari kwenye maharage, ni kama kutia chumvi kwenye chai. Nilikasirika. Nikamaliza yule wa kwanza ili nisitupe chakula. Nikala wa pili kuhakikisha kuwa kweli ni mbaya. Wa tatu nilimla bila ugali, na hapo nikaanza kumwelewa. Wa nne sina la kusema juu yake, sahani utaiona mwenyewe.

Hawa ni viumbe gani? Nijibu leo. Sufuria iliyoungua nimeiloweka.

Baba mkwe wako, ambaye afya yake leo si haba


14 Desemba 2006

Baba yangu,

Shikamoo, na pole na ugali. Niliisoma barua yako nimesimama jikoni, viatu vya theluji miguuni, nikajiziba mdomo kwa taulo usinisikie nikicheka. Nadhani ulinisikia.

Kosa ni langu, niliandika samaki bila kusema ni keki. Wajapani wanawaita taiyaki. Unga wa ngano, yai, maziwa na bekin pauda unakoroga mpaka unamiminika. Maharage ni yale madogo mekundu. Yanalowekwa, yanachemshwa mpaka yanapondeka, halafu yanarudi motoni na sukari na chumvi kidogo, unakoroga kwa mwiko bila kuondoka, ukigeuka tu yameshika chini. Kuna chuma cha pande mbili chenye umbo la samaki. Unakipaka mafuta, unamimina unga, unaweka maharage katikati, unafunika kwa unga mwingine, unakifunga na kukigeuza juu ya moto. Ukikifungua mapema, samaki anabaki nusu huku, nusu kule.

Chuma chenyewe ni cha Bibi Fumiko. Mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla sijaolewa, nilikaa jengo hili hili, yeye akikaa chini yangu. Siku moja nilipata habari kwamba dada yangu amejifungua na mimi sipo, nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti. Bibi Fumiko akafungua mlango, akanitazama, akaufunga. Nikajua nimemuudhi kwa kelele. Baadaye akapanda na sahani ya samaki hawa, akakaa kwenye ngazi ile ile. Hakuuliza ninalia nini. Alisubiri nimalize, akachukua sahani yake akaenda zake. Sijawahi kumheshimu mtu upesi namna ile. Alipohamia kwa mwanawe Champlin aliniachia chuma, na tangu hapo nikizidiwa na hamu ya nyumbani nawapika, nakula peke yangu, moyo unatulia. Wewe ndiye wa kwanza kuwala mbali na mimi.

Lakini Baba, ulisonga ugali! Nilimpigia Asajile simu, akasema, “Baba? Ugali? Acha utani, my dear, yule hata chai hajui kuchemsha.” Nikamwambia ushahidi uko kwenye sinki. Niseme nilichokifikiria usiku kucha: mtu anayetaka kufa hasongi ugali. Kwa hiyo habari ya tiketi tuiache kwanza.

Na kuanzia leo sahani haitakuja kimya. Habari ya leo ni hii. Mama mmoja Mkenya wa ghorofa ya pili, Philister, amenunua gari jekundu. Limekwama kwenye theluji mbele ya jengo, na mumewe Naftali ametoka kulisukuma akiwa na kandambili. Moja imebaki humo humo kwenye theluji. Philister anamwambia, “Si ulisema umezoea Minnesota?” na Naftali haongei naye tangu asubuhi.

Mkwe wako,
Tumpe


Chumba cha nyuma
21 Januari 2007

Mkwe wangu,

Salamu nyingi, natumaini mafua yako yamepungua, maana nakusikia ukipiga chafya jikoni. Mimi sijambo, na safari hii si maneno ya barua tu. Daktari alinipandisha kwenye mizani, akatazama, akanipandisha tena kwa sababu hakuamini. Amenipa mkono. Amesema nikiendelea hivi atapanga siku ya kunipasua.

Ndizi zako nazila. Wali nakula. Lakini ukweli ni kwamba nakula hivyo vyote nikiwasubiri wale samaki wa Jumatano na Jumapili, na karatasi inayokuja nao. Nimefurahi kusikia Naftali na Philister wamepatana.

Nina maombi. Ule ukoko unaotoka pembeni ya samaki, usiukate. Unalia mdomoni vizuri kuliko samaki mwenyewe. Na ulipojaribu kuwajaza viazi vitamu sikukuandikia kitu kwa sababu ya heshima, lakini usirudie.

Jambo jingine. Ulipokwenda kazini nilikishika kile chuma. Nimeishi na vyuma, najua cha kubahatisha na cha mtu aliyekaa akafikiri. Magamba yake yamechongwa yakipungua ukubwa kuelekea mkiani, na jicho limewekwa mahali pake hasa. Hakuna mlaji atakayetazama hayo, lakini fundi alijali. Nampa heshima yake popote alipo. Bawaba ilikuwa imelegea, nimeikaza. Ndiyo sababu ulisema juzi kwamba hawamwagiki tena.

Na nawe nikupe yako. Jioni ukiwapika nakaa kwenye kiti nyuma ya mlango wangu na kusikiliza. Nasikia ukikoroga, nasikia chuma kikifungwa, kimya kidogo, kinageuzwa. Umetoka kazini umesimama kutwa, bado unasimama kumpikia mzee usiyemwona, ambaye mwanzoni alikujibu kwa kiburi. Mwanangu ameoa. Sikuwahi kukuambia hilo kwa sababu hakukuwa na njia ya kukuambia. Ndaga fijo, ahsante sana, mkwe wangu.

Baba mkwe wako


28 Februari 2007

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za afya kwa urefu, kesho ndiyo siku yako ya kupasuliwa na tuna tatizo.

Asajile amepiga simu. “Mke wangu, niko stuck. Barabara ya I-35 wameifunga, theluji imefika kiunoni, hakuna gari linalotoka Duluth leo wala kesho. Mtafutie Baba lifti, tafadhali.” Nimetafuta. Teksi wanasema hawatoki. Naftali yuko zamu mpaka kesho mchana. Hospitali wanasema daktari yupo na chumba kiko tayari, tufike alfajiri.

Nitakuendesha mimi. Nimefikiri jinsi ya kufanya. Nitatangulia kwenye gari, nikiwa tayari nitapiga honi, ndipo utoke. Utakaa nyuma yangu. Kioo cha kati nimeshakigeuza kinatazama paa. Utajifunga skafu ya Asajile usoni na mimi nitavaa yangu. Kwa baridi hii Minnesota nzima inatembea imejifunika na kutazama chini, utafikiri mji wote umeoleana. Hakuna atakayejua sisi ni wakwe wa kweli.

Nijibu upesi.

Mkwe wako,
Tumpe


28 Februari 2007

Mkwe wangu,

Salamu. Hapana. Piga simu uwaambie tunaahirisha.

Si wewe ninayekukataa. Mchungaji alikwisha kuniambia kwamba Wakristo wanaweza kuiacha mila hii, nikamwambia aanze yeye. Baba yangu aliishika mpaka kaburini. Gari ni kama chumba kimoja, mkwe wangu, pumzi yako na yangu zitakaa pamoja. Na nikifia mezani kesho, kule nyumbani watasema nini? Watasema alikufa siku aliyopanda gari na mke wa mwanawe. Utabeba neno hilo maisha yako yote. Sitaki ulibebe.

Baba mkwe wako


28 Februari 2007, jioni

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa nitakayoyaandika.

Sipigi simu. Nafasi ya kesho ikipotea, nyingine ni mwezi wa tano, na daktari alimwambia Asajile hana hakika kama utafika mwezi wa tano. Tulikuficha hilo. Sasa unajua.

Unaogopa nitabeba neno la watu. Neno la watu nitalibeba, nina mabega. Nisichoweza kubeba ni kukaa jikoni nikisikiliza kikohozi chako kikipungua mpaka kinyamaze, halafu nijisifu kwamba nilikuheshimu. Nilifundishwa kukukwepa kwa sababu wewe ni mkubwa na unastahili kutunzwa. Nikikuacha humo chumbani kesho, nitakuwa nimekukwepa tu.

Nakupenda, Baba. Sijui kama mkwe anaruhusiwa kuandika hivyo, lakini nimeshaandika kwa wino. Asubuhi nitapiga honi. Usipotoka nitaipiga tena, mpaka Philister na mumewe na jengo zima watoke kukushika mkono.

Mkwe wako,
Tumpe


Hospitali, Minneapolis
10 Machi 2007

Mkwe wangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyeshonwa kifuani. Sijambo. Maumivu yapo, lakini moyo unapiga sawasawa na nausikiliza kama nilivyokuwa nikisikiliza mashine mpya kiwandani. Natumaini wewe umelala, maana muuguzi anasema huonekani kulala.

Hatukuongea garini, na hukuniona. Lakini mimi nina macho, na niliyaona uliyoyafanya. Niliona barabara haipo, nyeupe juu na nyeupe chini. Niliona lori limelala ubavuni. Gari letu liliteleza kwenye daraja likageuka upande, nikafumba macho, na nilipoyafumbua ulikuwa umeshalirudisha, mikono yako imetulia kwenye usukani. Nilitaka kusema ahsante nikameza, kwa sababu ya mila. Nimejuta kuimeza. Walipokuwa wananitia usingizi wa kupasuliwa, nilisema moyoni kwamba nikiamka sitameza tena.

Nimeamka. Kwa simu ya Asajile nimeongea na mdogo wangu wa Rungwe. Nimemwagiza achague ng'ombe jike mwenye mimba, ampeleke kwa baba yako, na aseme mbele ya watu kwamba kizuizi kati yangu na binti yao nimekiondoa mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu. Kama lipo neno la kubebwa, ni langu. Mdogo wangu akauliza kama dawa za huku zimenipanda kichwani. Nikamwambia huenda, lakini ng'ombe aende. Jana amefika. Baba yako amempokea, amekunywa chai na wajumbe, na ametuma salamu.

Muuguzi anasema kila jioni kuna dada anasimama nje ya mlango wangu, anatazama sakafu, anamkabidhi sahani na kuondoka. Ameniuliza kama tumegombana. Kiingereza changu hakikufika mbali, nikamwambia tu kwamba huyo dada ndiye aliyenileta.

Sahani ya leo usimpe muuguzi. Ingia nayo. Usipige magoti, sakafu ya humu ni baridi. Kuna kiti kando ya kitanda. Nimekula mkono wako majira yote ya baridi, na tukipishana sokoni nisingekufahamu. Hilo linaniumiza kuliko mshono. Kaa hapo nikutazame, na wewe unitazame, ujue ni mzee gani uliyemhangaikia. Nikitoa machozi, usigeuke pembeni. Niambie, Baba nyamaza, kama binti anavyomwambia baba yake, nami nitajaribu kunyamaza.

Barua hii atakupa Asajile ukitoka kazini. Usiijibu kwa karatasi.

Baba yako